Kadi ya bangi ya matibabu huko Marekani: inavyopatikana, inavyofanywa upya, na linaloweza kumpata asiye raia



Tangu ndugu zetu wengi wa Kivu, Ituri na Tanganyika wapokelewe Marekani kama wakimbizi, maswali yao yanarudi nyumbani kwa simu. Mengi ni ya ndoa, ya mahari, ya watoto wasiotaka tena kusema lugha ya kwao. Siku hizi limeongezeka lingine. Mama anasumbuliwa na mgongo miaka mingi, au baba halali usiku kwa sababu ya yale aliyoyaona vitani, na mfanyakazi mwenzake amemwambia kwamba kuna kadi ya serikali inayoruhusu kununua bangi kama dawa. Anapiga simu Uvira au Goma, anamwuliza mzee wa kanisa: je, ni halali?

Kumjibu "ndiyo, ni halali" ni kumpa nusu ya ukweli, na nusu inayobaki inaweza kumgharimu uraia. Ndiyo sababu tumeandika maelezo haya, ili wachungaji, mama wa idara na wazee wanaopigiwa simu wawe na kitu cha kumsomea mtu. Hayachukui nafasi ya daktari wala ya mwanasheria.

Sheria mbili juu ya mmea mmoja

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake na sheria zake. Juu ya majimbo yote kuna serikali kuu ya Washington. California ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusu bangi kwa wagonjwa, kwa kura ya wananchi, mwaka 1996. Leo karibu majimbo 40 yana mpango wa namna hiyo, kila moja kwa masharti yake.

Lakini serikali kuu ina sheria yake juu ya dawa zinazodhibitiwa, ya mwaka 1970. Sheria hiyo iliiweka bangi katika daraja la kwanza kati ya madaraja matano, pamoja na heroini, yaani kati ya vitu vinavyohesabiwa kuwa havina matumizi ya matibabu yanayokubalika. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ishushwe hadi daraja la tatu, na wengi waliosikia habari hiyo walidhani bangi imefunguliwa. Sivyo. Kitu cha daraja la tatu bado kinadhibitiwa, na sheria ya uhamiaji inahesabu madaraja yote matano.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika kazi ya daktari. Daktari wa Marekani haandiki bangi kwenye ordonansi ya kupeleka famasia kama anavyoandika dawa ya malaria au ya presha. Anachofanya ni kuthibitisha kwamba mgonjwa huyu ana ugonjwa ulio katika orodha ya jimbo. Ndiyo maana tunasema "cheti". Mtu anayemwambia afisa wa uhamiaji "mimi daktari aliniandikia" anajikinga kwa kitu ambacho sheria ya Washington haikitambui.

Namna ya kupata kadi: mfano wa Kentucky

Tunachukua Kentucky kwa sababu miji ya Louisville na Lexington ina Wakongo wengi na makanisa ya Kiswahili, na pia kwa sababu mpango wa huko ni mpya. Gavana Andy Beshear alitia sahihi sheria yake tarehe 31 Machi 2023, na mpango ulianza tarehe 1 Januari 2025.

Jambo la kwanza ni ugonjwa wenyewe. Sheria ya Kentucky ilitaja saratani ya aina yoyote. Maumivu makali au ya muda mrefu yasiyotulia. Kifafa na magonjwa mengine ya degedege. Ugonjwa wa neva unaoitwa sklerosisi pamoja na kukakamaa kwa misuli. Kichefuchefu cha kudumu au kutapika kunakorudi-rudi. Na kiwewe kinachobaki baada ya maafa. Hicho cha mwisho ndicho kinachowagusa watu wetu zaidi. Mtu aliyekimbia Fizi au Beni usiku, ambaye hata leo anashtuka mlango ukifungwa kwa nguvu, anaweza kabisa kuwa na ugonjwa huo. Lakini lazima daktari aupime na kuuandika katika faili yake. Kujieleza tu hakutoshi.

Jambo la pili ni cheti. Hakitolewi na kila daktari. Ni daktari, au muuguzi mwenye cheo cha juu anayeruhusiwa kutibu, ambaye amejiandikisha kwa kazi hiyo. Majina yao yako kwenye tovuti ya mpango wa jimbo. Mara ya kwanza ni lazima mgonjwa aonekane ana kwa ana. Daktari anatazama historia ya ugonjwa, anachungulia katika rejista ya jimbo ni dawa gani kali mgonjwa amekuwa akizipokea, na anamweleza hatari. Basi mtu anayewaahidi ndugu zetu cheti cha kwanza cha Kentucky kwa simu, bila daktari kuwaona, anataka pesa zao.

Hapa tuongeze neno juu ya mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Kliniki nyingi ndogo zinazoshughulika na vyeti vya bangi peke yake hazipokei pesa hizo, na mara nyingi mgonjwa anaambiwa aje na mtu wake. Asimlete mtoto wake wa miaka 12. Si haki mtoto atafsiri maneno ya mama juu ya ubakaji au ya baba juu ya maiti, na tena mtoto hawezi kujua kwamba neno moja likikosewa ugonjwa mwingine kabisa utaandikwa.

Baada ya cheti ndipo linakuja ombi la kadi yenyewe. Linatumwa kwa ofisi ya jimbo inayosimamia bangi ya matibabu, kwa njia ya intaneti. Mwombaji anaonyesha kitambulisho na kwamba anaishi Kentucky. Aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa fulani makubwa ya jinai hapewi. Mpango ulipoanza ada ya jimbo ilikuwa dola 25. Malipo ya daktari ni mengine, nayo ndiyo mazito. Bima ya afya, hata ile ya serikali kwa wenye mapato madogo, hailipii bangi dukani. Mtoto wa chini ya miaka 18 hapewi bangi mkononi. Mzazi au mlezi aliyeandikishwa ndiye anayenunua na kumpa.

Aliyepata kadi ananunua katika duka lenye kibali tu. Kentucky hairuhusu kuivuta kwa moto kama sigara, wala kuipanda nyumbani. Nyumbani hawezi kuweka zaidi ya kiasi cha siku 30, na akitoka asibebe zaidi ya cha siku 10. Kuendesha gari akiwa amelewa nayo ni kosa kama pombe, kadi au bila kadi.

Kuifanya upya

Kadi ya Kentucky inadumu mwaka mmoja. Kuifanya upya hakuji chenyewe, na wengi wanakwama hapo. Cheti cha daktari nacho kina muda wake, mfupi kuliko wa kadi, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa kurudi kwa daktari kabla ya kupeleka ombi jipya. Safari hii sheria inaruhusu aonane na daktari kwa njia ya video. Daktari anauliza kama maumivu yamepungua, kama dawa nyingine zimeacha kufanya kazi, kama kuna madhara. Akiona haisaidii, ana haki ya kukataa, na mgonjwa asichukue hilo kama chuki.

Anayehama nyumba atoe taarifa. Wakimbizi wanahama mara nyingi katika miaka yao ya kwanza, na barua ya serikali ikienda kwenye apatimenti ya zamani hairudi. Kadi iliyoisha muda ni kama hakuna kadi: aliyekutwa na bangi siku hiyo anahesabiwa kama mtu mwingine yeyote.

Majimbo mengine yana taratibu nyingine. Arizona inatoa kadi ya miaka miwili kwa dola 150, na nusu yake kwa anayepokea msaada wa chakula. Ohio ni mwaka mmoja, na tangu 2024 ada ya jimbo imebaki senti moja tu. Minnesota iliondoa ada mwaka 2023. Texas haina kadi kabisa. Daktari anaandika jina la mgonjwa katika rejista, na duka linalitafuta humo. Kwa hiyo ndugu wa Houston asimfundishe ndugu wa Phoenix kwa yale aliyoyaona kwake. Na bidhaa iliyonunuliwa katika jimbo moja isivushwe kwenda lingine, kwa ndege wala kwa gari, hata kama yote mawili yanaruhusu, maana safari kati ya majimbo iko chini ya sheria ya serikali kuu.

Asiye raia

Hapa tunaomba wasomaji wasome polepole.

Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anaomba ukaaji wa kudumu, ile grini kadi, baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Maombi yote mawili yako mikononi mwa serikali kuu. Fomu zinauliza juu ya dawa za kulevya, na afisa anauliza tena kwa mdomo, mwombaji akiwa ameapa.

Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi: kuvunja sheria ya serikali kuu juu ya bangi kunaweza kumzuia mtu kuonekana mwenye mwenendo mwema, na mwenendo mwema ni sharti la uraia, hata kama jimbo analoishi linaruhusu. Mwongozo huo unataja pia kazi katika biashara ya bangi. Si lazima mtu awe amekamatwa au kuhukumiwa. Kukiri mwenyewe mbele ya afisa kunaweza kutosha. Sheria ina nafasi ndogo kwa aliyekutwa mara moja tu na gramu 30 au chini ya hapo kwa matumizi yake mwenyewe, lakini mwenye kadi ananunua mara kwa mara, mwezi baada ya mwezi, na nafasi hiyo haikutungwa kwa ajili yake.

Tufikirie basi mama mwenye saratani, mwenye grini kadi, anayetimiza kila sharti la Kentucky. Polisi wa Lexington hawana neno naye. Siku ya mahojiano ya uraia afisa anamwuliza kama amewahi kutumia bangi. Akisema ndiyo, ombi lake linaweza kukataliwa. Akisema hapana, amedanganya chini ya kiapo, na udanganyifu huo ni kizuizi chenyewe, tena unaweza kumfuata miaka mingi baadaye. Hakuna mshauri mwaminifu atakayemwambia adanganye. Njia nzuri ni kuonana na mwanasheria kabla ya kupeleka fomu, maana anaweza kushauri kusubiri mpaka muda fulani upite.

Hatari nyingine iko uwanja wa ndege. Mwenye grini kadi anayekuja Bukavu au Bujumbura kwa matanga anaulizwa maswali anaporudi. Picha ya kadi ndani ya simu, chupa katika mkoba, ujumbe wa WhatsApp ambao rafiki alituma kwa utani, vyote vinaweza kufungua mazungumzo asiyoyataka, na aliyekiri matumizi anaweza kutendewa kama mtu asiyestahili kuingia.

Kuhusu kazi, wako vijana wanaoajiriwa katika maduka na mashamba ya bangi kwa sababu mshahara ni mzuri na leseni ya jimbo imetundikwa ukutani. Kwa macho ya uhamiaji hiyo inaweza kuhesabiwa kama kushiriki katika biashara ya dawa za kulevya, jambo zito kuliko kutumia. Mkimbizi anayeomba ukaaji wa kudumu anaweza kuombewa msamaha kwa makosa mengi kwa sababu za kibinadamu. Kwa biashara ya dawa za kulevya msamaha huo haupo. Kama kijana wenu amepata kazi hiyo, mwambieni aulize leo.

Nyumba na usukani

Raia naye ana mahali pa kujihadhari. Nyumba zinazolipiwa kodi kwa msaada wa serikali kuu haziruhusiwi kumpokea mpangaji mpya anayetumia bangi, hata ya matibabu, na aliyekwisha kuingia anaweza kuondolewa.

Madereva wa malori makubwa tunawataja kwa namna ya pekee, maana kazi hiyo imewainua wengi wa kwetu. Wizara ya Uchukuzi ya serikali kuu haikubali kadi ya jimbo kama udhuru. Mkojo ukionyesha bangi, dereva anaondolewa barabarani na jina lake linaingia katika rejista ambayo kila kampuni inaisoma. Hata mafuta ya kanabidioli yanayouzwa kwenye kituo cha petroli yakiandikwa "hayalevyi" yanaweza kuwa na kiungo kinacholevya cha kutosha kumtia hatiani. Dereva ayaache.

Dawa zinazokubaliwa na pande zote mbili

Ziko dawa zilizotokana na mmea huo, au zilizotengenezwa kwa mfano wake, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani imezipitisha. Epidiolex, ambayo ni kanabidioli safi, ilipitishwa mwaka 2018 kwa aina kali za kifafa cha watoto. Dronabinoli na nabiloni hutolewa kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopokea kemoterapia. Hizi daktari anaziandika kwa ordonansi, famasia inazitoa, na mgonjwa anabaki na karatasi ambayo Washington inaitambua. Si kila ugonjwa una dawa ya namna hiyo. Kwa mgongo na kwa kiwewe hakuna. Lakini asiye raia anapaswa kumwuliza daktari hivi: "Je, kuna dawa ya famasia inayoweza kunisaidia kabla ya bangi?" Kwa kiwewe, matibabu ya mazungumzo na mtaalamu yamesaidia wengi, ingawa katika makanisa yetu bado tunaona aibu kusema kwamba mtu anayeomba usiku na mchana anahitaji pia mtaalamu.

Nyumbani kwetu

Congo haina cheti wala kadi ya namna hii. Bangi imekatazwa, na daktari wa Goma hawezi kuandika karatasi itakayomkinga mtu. Rwanda ilitoa amri mwaka 2021 inayoruhusu kuilima kwa leseni kwa ajili ya dawa na utafiti, hasa ya kuuza nje. Kuitumia kwa starehe kumebaki kosa, na msafiri anayepitia Kigali asidhani mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo ndugu aliye Marekani asitume mafuta ya bangi kwa mama anayeugua saratani Bukavu, hata akiwa na nia njema na hata chupa ikiwa na lebo nzuri. Anavunja sheria ya kule anapotuma, na anayepokea kifurushi huku ndiye atakayeshikwa. Kama mama ana maumivu, ulizeni hospitali juu ya morfini na huduma ya kupunguza maumivu. Jirani zetu wa Uganda wamefanya kazi hiyo tangu 1993, Hospice Africa ilipoanza, na morfini ya maji inatengenezwa kwao kwa bei ndogo. Pesa ambayo ingenunua chupa ya mafuta inaweza kumlipia mgonjwa safari na dawa.

Mnapopigiwa simu

Mzee wa kanisa anayepokea simu asianze na dhambi, wala asianze na ruhusa. Aulize kwanza: "Karatasi zako ziko wapi? Wewe ni raia, una grini kadi, au bado unasubiri?" Asiye raia aelekezwe kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla hajamwona daktari wa cheti. Mashirika yanayopokea wakimbizi mara nyingi yana huduma ya sheria kwa bei nafuu. Kwa Kentucky, Kentucky Refugee Ministries ina ofisi Louisville na Lexington. Wajihadhari na wale wanaojiita wajuzi wa karatasi, wanaojaza fomu sebuleni kwa dola mia mbili. Hao wamewaharibia watu wengi.

Aliye na kadi tayari asiogope na asichome chochote. Asisafiri nje ya nchi wala asitume fomu yoyote ya uhamiaji kabla ya kushauriwa. Amletee mwanasheria cheti cha daktari, kadi yenyewe, tarehe ya kwanza aliyonunua na ya mwisho, na barua zote za polisi au mahakama kama zipo. Na kama tarehe ya kufanya upya inakaribia, amwone mwanasheria huyo kabla ya kulipa ada ya mwaka mwingine.